Mtu Ambaye Mke Wangu Hamsalimii

Jumapili, 2 Machi

Vaileth amenipa daftari hili tulipotoka kanisani. Anasema nikishikwa na wivu niandike kwanza, ndiyo nifungue mdomo. "Andika, Fundi. Ukimaliza utakuta nusu ya maneno huyahitaji tena."

Ndiyo kazi yake hiyo. Mke wangu ni mshauri wa saikolojia kwenye kliniki moja Temeke. Waliofiwa, walioachwa, waliokosa usingizi, wote wanakwenda kukaa mbele yake wamfungulie roho zao, naye anawasikiliza bila kuwakatiza. Mie nachomelea mageti na grili hapa Chanika. Nikianza kuongea anasema amechoka, amesikiliza watu tangu asubuhi. Sasa kaona na mie anifanye mgonjwa wake.

Haya, naandika. Nina wivu. Nimemaliza.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Hakuna anayejenga, hakuna anayeagiza geti.

Jumatano, 5 Machi

Mvua tena. Nimeshinda barazani naangalia barabara. Jioni likaja gari jeupe la Daktari Gibson, bosi wake, likasimama kwenye dimbwi la kwa jirani yetu Mama Mwamvita. Vaileth akashuka anacheka. Anacheka nini? Humu ndani sijausikia ule mcheko tangu Krismasi. Daktari akanipungia mkono, nikampungia, nikajichukia.

Nikamuuliza kulikoni, mbona siku hizi analetwa kama bibi harusi. Akavua viatu vyake vya matope taratibu.

"Kuna mteja ananisumbua. Ananisubiri nje ya kliniki, ananifuata mpaka kituoni. Dokta kasema nisipande gari peke yangu mpaka hiyo ishu iishe."

"Mteja gani?"

"Unajua siwezi kusema."

"Na wewe ulimchekea nini mpaka akufuate?"

Akaniangalia. Akaingia ndani kubandika wali, na habari hiyo hakuirudia.

Mie nimeelewa hivi: mteja hakuna. Kuna Gibson. Mtu anakaa Mbagala, Chanika anafuata nini kama si mke wa mtu?

Jumapili, 9 Machi

Mchungaji kamwambia Vaileth gauni limempendeza. Mchungaji! Nimeandika hapa ili nisimwambie mchungaji neno baya.

Jumapili, 16 Machi

Leo limetokea jambo limenifurahisha, acha niliandike vizuri.

Mke wangu anamchangamkia kila mtu. Muuza mkaa, dereva wa bajaji, kinyozi, wote "kaka habari za tangu jana", wote wanaonyeshwa meno. Kila mmoja ananikata maini kivyake. Basi leo tunakwenda kanisani na mwavuli mmoja, tukakutana na mpangaji mpya wa Mama Mwamvita, kijana mtu mzima hivi, shati jeupe limenyooshwa, viatu havina tone la tope sijui anaruka vipi madimbwi ya huku. Amesimama kando ya njia anatutazama. Nikamsalimia, akaitika kwa heshima, "salama, braza, poleni na mvua." Vaileth akampita kimya kama anapita nguzo ya umeme. Hata jicho hakumtupia. Mkono wake ulioshika wangu ulikuwa wa baridi, nadhani kwa mvua.

Mbele kidogo nikamwambia, kidogo tu kwa kumtania, "Leo umebania salamu, mama." Akasema, "Yule mtu usimzoee, Eli."

"Kwa nini?"

"Usimzoee tu. Naomba."

Ananiitaga Fundi. Akiniita Eli ujue hatanii. Lakini na mie nina akili zangu. Hapa mtaani pana mwanaume mmoja tu ambaye mke wangu hamtaki hata kwa salamu. Huyo ndiye wa kuwa rafiki yangu.

Jumatano, 19 Machi

Anaitwa Gaudens. Mtu wa Bukoba, alikuwa karani wa stoo, kwa sasa amepumzika kazi. Alikuja mwenyewe kwenye banda langu kukinga mvua. Anajua kusikiliza, jamani! Nilimweleza habari ya gari jeupe mwanzo mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Mwisho akasema, "Braza, mie nisingelala."

Silali kweli. Angalau kuna mtu amekubali.

Jumanne, 25 Machi

Mvua, Gaudens, chai. Ameniuliza madirisha yangu mbona yana nyavu tu na mie ndiye fundi wa grili. Nikacheka kwa aibu. Za watu kwanza.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mama Mwamvita katuletea pilau. Gaudens alikuja naye kabeba hotpoti, Vaileth akaingia chumbani akasema kichwa kinamuuma. Mama Mwamvita akaninong'oneza mlangoni, "Mkeo anaringa siku hizi, baba." Niliona aibu. Si mara ya kwanza mke wangu kuitwa mringaji kwa ajili ya salamu. Tangu uchumba alinipa masharti ya kazi yake mawili: mteja wake hamsalimii njiani mpaka mteja amsalimie yeye kwanza, maana huenda yuko na ndugu zake na hataki wajue anakotibiwa, na jina la mteja halitoki mdomoni, hata kwangu. Nilikubali. Lakini pilau la jirani si kliniki. Mgeni akiingia na chakula cha watu mkononi unamwambia karibu.

Alhamisi, 3 Aprili

Roho inaniuma. Nimepata kazi ya geti la shule huko Mbande, siwezi kushinda barabarani kumwangalia mtu anashuka na nani. Nikamwambia Gaudens. Akazungushazungusha kikombe. Halafu akasema, "Ukitaka, mie nina nafasi. Naweza kwenda Temeke nikakutazamia."

Nilitaka kumkumbatia. Nikamweleza anaingia saa ngapi, anatoka saa ngapi, mchana anakula wapi, kituo anachoshukia gari la Gibson lisipokuja. Nikampa na nauli, akakataa kupokea. Ndiyo urafiki huo.

Jumatatu, 7 Aprili

Ripoti ya Gaudens. Vaileth alivaa gauni la bluu lenye vifungo mgongoni, cha tatu kimelegea. Mchana alikula ndizi na samaki, samaki akamwacha nusu. Alitoka na Gibson wakaongea mlangoni, Gibson akamshika bega.

Bega!

Jioni nilikitazama kifungo. Kimelegea kweli. Mie ndiye ninayelala na huyu mwanamke na sikukiona.

Jumatano, 9 Aprili

Ripoti. Gaudens anasema Vaileth akiwaza hugusa sikio la kushoto. Anasema akiwa na huzuni hatembei katikati ya njia, anatembea pembeni karibu na ukuta. Leo alitembea pembeni.

Wakati wa kula nikamchunguza. Akagusa sikio la kushoto. Miaka saba ya ndoa! Nikashikwa na wivu wa ajabu, hata sikujua namwonea nani, maana Gibson hakuwepo hapo. Nikamwambia, "Acha kugusa sikio." Akaniuliza, "Nani kakwambia nagusa sikio?" Nikasema nina macho. Akaacha kula.

Jumapili, 13 Aprili

Tumegombana, na sikuandika kwanza.

Nilimwambia nikiliona tena lile gari jeupe uani kwangu nitalipasua kioo kwa nyundo. Nikamwambia ashikwe bega na mumewe. Akasimama katikati ya sebule na upawa mkononi. "Bega? Nani amekwambia habari ya bega?"

"Nina macho yangu."

"Fundi, unajua unachoniomba? Nirudi peke yangu, kwa miguu kutoka kituoni, giza linaingia?"

"Wanawake wote wa Chanika wanarudi hivyo hivyo."

"Nilikwambia kuna mtu."

"Uliniambia. Hutaki kumtaja."

Akaanza kulia, si kulia kwa kelele, machozi tu yanashuka huku anakoroga mboga. Akasema sawa. Nimeshinda. Sijui mbona sisikii raha ya kushinda.

Jumatano, 16 Aprili

Amerudi kwa miguu, amelowa chapachapa. Gaudens alifika muda mfupi baadaye, naye amelowa. Akaniambia dirishani, "Amefika salama, nilikuwa nyuma yake njia nzima." Nikamshukuru.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Vaileth hakwenda kanisani. Dadake, Sekela, anayekaa Mbezi Beach, amepiga simu wakaongea Kinyakyusa chumbani na mlango umefungwa. Mie Mpare, naambulia jina langu tu.

Jumanne, 22 Aprili

Nitaandika yote yalivyokuwa.

Leo nilisema niweke grili za kwangu, nimfurahishe. Vyuma vya geti la shule vilibaki. Nikamwita Gaudens anisaidie kupima. Tukaanza sebuleni, tukaenda jikoni, tukafika chumbani kwetu. Mie nimeshika mwisho wa futi nje ya dirisha, kwenye mvua, yeye yuko ndani anasoma namba. Namba zikakatika. Nikachungulia kwenye wavu. Ameiacha futi juu ya kitanda. Ameshika khanga ya Vaileth iliyokuwa kwenye msumari, ameiweka usoni, amefumba macho.

Mwanaume kashika khanga ya mke wangu na mie nimesimama nje ya nyumba yangu nanyeshewa.

Hapo mlango wa mbele ukafunguka. Kliniki iliingia maji wakawaruhusu mapema. Nikamsikia anaita, "Fundi?" Nikakimbia kuzunguka nyumba. Nilipofika koridoni, Vaileth amesimama mlango wa chumba, Gaudens katikati ya chumba, khanga mkononi. Vaileth hakupiga kelele. Hakumsalimia. Alitazama ukuta wa nyuma yake, vilevile alivyompita siku ile ya mwavuli.

Na mie, Mungu anisamehe, wivu wangu una mdomo mwepesi kuliko akili. Badala ya kumtoa yule mtu nje nikamgeukia mke wangu. "Kuna nini kati yenu?"

Aliyejibu ni Gaudens. Kwa upole kabisa. "Usimgombeze, braza. Akiogopa hunyamaza. Hata kule ofisini kwake tulianza hivyo, alinyamaza kwanza, ndiyo tukaelewana. Aliniambia nina haki ya kupendwa. Hakuna mtu alishawahi kuniambia. Nikajua ni yeye."

"Gaudens," Vaileth akasema. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia analitaja jina lake. Sauti aliyotumia siijui, sauti ya kazini, tambarare. "Nilisema maneno hayo kukusaidia upone. Nilikwambia mara nyingi sitakuwa mtu wako. Weka hiyo khanga chini. Utoke. Mlango ni ule pale."

"Walikukataza wao. Huyu Gibson."

"Mimi ndiye niliyekataa."

Gaudens akanitazama mie, kana kwamba nitamtetea. "Braza, mwambie. Wewe mwenyewe ulinituma nimlinde."

Jamani. Nyumba nzima ikawa sauti ya mvua kwenye bati.

Aliweka khanga kitandani, akaikunja kwanza. Nikamshika shati nikamtoa hadi barabarani, hakupigana. Viatu vyake vikaingia tope, akavitazama, akaanza kulia kama mtu aliyefiwa. Nilikuwa nimekunja ngumi, na ngumi ikaniishia. Mama Mwamvita akatoka na ungo kichwani anauliza jamani kuna nini, nikamwambia amfungie chumbani kwake mpaka nimlete mjumbe wa mtaa.

Niliporudi Vaileth ameketi kwenye kiti cha plastiki jikoni, hata mkoba hajautua.

"Nilimhamisha kwa mshauri mwingine tangu Januari," akasema. "Dokta akaandika taarifa polisi. Wakamwonya, akaacha kuonekana Temeke. Nikadhani imekwisha. Halafu nikamwona hapa mtaani, tumeshikana mikono mimi na wewe. Nikaenda kumweleza Dokta, akasema niendelee kuja na gari lake, wanamtafuta dada yake Bukoba aje amchukue. Tulikuwa tunakaribia kumpata, Eli."

Nikavuta ndoo nikaketi mbele yake.

"Wiki mbili hizi kaanza kuwepo kila mahali. Ninapokula. Kituoni. Nyuma yangu gizani. Nikajiuliza, kajuaje? Nani kamwambia naletwa na gari, na nani kamwambia gari limekatazwa?" Akagusa sikio la kushoto, akaushusha mkono haraka. "Bega. Sikio. Ulikuwa unanisomea ripoti zake."

"Ungeniambia jina lake."

"Nilikwambia usimzoee. Na masharti yangu unayajua. Ukaniona nampita mtu bila salamu, ukashindwa kujua ni nani?"

Nilijua masharti. Ila nilidhani mgonjwa wa akili anaongea peke yake jalalani. Huyu alikuwa ananyoosha shati.

Jumatano, 23 Aprili

Sekela amekuja na teksi. Shikamoo yangu kaiitikia mlangoni bila kuingia. Vaileth amechukua nguo za kazini, magauni ya kanisani na sufuria ndogo. Khanga ile ameiacha msumarini. Nilimsihi. Akasema, "Nataka kukaa mahali ambapo hakuna mtu ananiangalia."

Jumapili, 27 Aprili

Mvua. Sijaenda kanisani.

Ijumaa, 2 Mei

Nilitoa maelezo yangu kituo cha polisi, anakoshikiliwa Gaudens. Askari akanirudisha mara ya pili sehemu ile ya mie kumtuma. "Yaani wewe mwenyewe?" Ndiyo, afande. Mie mwenyewe.

Dada yake Gaudens, Jovina, amefika kutoka Bukoba. Mwanamke mpole, amechoka. Amepewa ruhusa ampeleke kaka yake hospitali, atalazwa, na kesi iko palepale. Alikuja kuniomba msamaha na mie nikaona aibu kuupokea. "Kaka yangu hakuwa hivi," alisema. "Mkewe aliondoka siku moja, hakuaga." Nikamkaribisha chai.

Gaudens alikuwa ndani ya teksi, kioo kimeshushwa. Akaniambia, "Braza, nisalimie nyumbani." Niandike ukweli wote: hata pale nilimwonea wivu. Yeye alishakaa mbele ya Vaileth, akasikilizwa saa nzima, akaangaliwa usoni. Na alimjua. Alijua anavyotembea akiwa na huzuni. Mie huzuni yenyewe nilikuwa naipika humu ndani na sikuiona.

Alhamisi, 8 Mei

Nimempigia. Hakupokea. Nimempigia tena. Halafu nikaizima simu nikaipeleka kwa Mama Mwamvita anitunzie, maana mikono yangu siiamini.

Jumapili, 18 Mei

Mvua imeanza kukatika. Grili zimekwisha, madirisha yote, na geti la mbele lenye kufuli mbili. Nimezipaka rangi ya kijivu aliyokuwa anaitaka. Daktari Gibson alipita kuchukua vitabu vya Vaileth, nikamfungulia, nikamkaribisha maji. Ana mke, picha yake iko kwenye kioo cha gari. Amezeeka kuliko nilivyomwona kipindi kile. Nikamuuliza Vaileth anaendeleaje. Akasema, "Hilo muulize mwenyewe, akiwa tayari." Nikameza.

Ijumaa, 23 Mei

Jua kali leo. Nilichukua funguo zote za nyumba, hata za kwangu, nikazitia kwenye bahasha, nikaenda Temeke. Nilisema nitampa mkononi. Nilisema sitaongea sana, nitamwambia tu: nyumba ni yako, ukitaka nikae nje nitakaa nje.

Nikafika mapema. Mbele ya kliniki, ng'ambo ya barabara, kuna kibanda cha chai cha dada mmoja anaitwa Mauwa. Nikaketi kwenye benchi, nikaagiza chai ya rangi, nikakodoa macho mlangoni. Kila mlango ukifunguka nainuka nusu. Akatoka mwanaume mmoja na tai, nikajiuliza huyu naye anamjua? Anamwita nani? Nimekaa pale na bahasha mapajani nikiwaza kila anayeingia na kila anayetoka.

Mauwa akaja kufuta meza. "Kaka, na wewe unamsubiri yule dada mshauri?"

"Umejuaje?"

"Unavyoangalia mlango. Kuna mwenzio alikuwaga anakaa hapohapo, benchi hilohilo. Mtu msafi. Chai anaagiza, hainywi."

Nikakitazama kikombe changu. Kimejaa, kimepoa.

Nilipoinua uso Vaileth alikuwa anatoka. Gauni la bluu. Ameshona kifungo. Anatembea katikati ya njia, mkoba begani, anaongea na mlinzi, anacheka. Akavuka barabara upande wetu kuelekea kituoni. Akaniona. Najua aliniona, kwa sababu hatua moja ilichelewa. Halafu akapita mbele yangu, karibu kabisa, harufu yake ya mafuta ya nazi ikanifikia, macho yake yakiwa kwenye ukuta wa nyuma yangu.

Sharti lake nalijua. Hakusalimii mpaka umsalimie wewe. Ningesema "Vai" tu, angelazimika kusimama, angelazimika kunijibu, watu wanaangalia. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

Sikumsalimia.

Nilingoja mpaka alipopanda gari na gari likaondoka. Nikavuka, nikamwachia mlinzi bahasha, nikamwambia ni za Bi Vaileth, akiuliza nani kaleta amwambie fundi wa grili, kazi imekwisha. Mlinzi akaniuliza kama nitarudi kesho kuchukua majibu. Nikamwambia hapana, huku sirudi.

Leo nalala bandani, kwenye vyuma.